HUDUMA YA TAARIFA ZA SUMU NCHINI UINGEREZA

Inafaa ifahamike kwamba hapana daktari awezaye kuhifadhi moyoni habari za kila sumu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1963 Uingereza ilianzisha Huduma ya Taifa ya Taarifa za Sumu, ambayo hivi sasa ina vituo vinne: Birmingham, Cardiff, Edinburgh na Newcastle.

Daktari au muuguzi hutazama kwanza TOXBASE, hazina ya maelezo iliyomo katika intaneti. Akitatizwa, hupiga simu kwa wataalamu, usiku na mchana.

Mfano ni parasetamoli. Aliyemeza vidonge kupita kiasi huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, ilhali ini linaharibika. Huduma humwelekeza daktari apime damu baada ya kupita muda wa saa 4. Kiwango kikizidi, atoe asetilisisteini, dawa ifaayo zaidi ikianzwa kabla ya kutimia saa 8.

Aidha, simu hiyo ni ya waganga tu; umma wa huko hupiga 111, na kwenye hatari kubwa 999.

Hivyo basi, wananchi wote wanakumbushwa: aliyemeza sumu apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au paketi yake, ijapokuwa haonyeshi dalili, wala asitapishwe.