Sahihi ya Fundi wa Ndege

Abiria apandapo ndege aghalabu humwombea dua rubani, wala haimpitikii kuwa usiku uliotangulia alikuwako mtu mwengine, mikono imejaa grisi, aliyeikagua ndege ile tangu magurudumu hata mkia, kisha akatia sahihi yake daftarini kukiri kwamba yafaa kuruka. Huyo ndiye mhandisi wa matengenezo, na pasipo sahihi hiyo rubani, hata awe hodari namna gani, hana idhini ya kuondoka.

Kuipata haki ya kutia sahihi si jambo la siku mbili. Kijana husoma chuoni, mathalani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoko Dar es Salaam, kisha hukaa karakanani miaka kadhaa chini ya wakubwa wake, kisha hufanya mitihani ya leseni. Na leseni yenyewe ina mipaka, kwani fundi wa injini na bodi si fundi wa umeme na vyombo vya urukaji, na kila aina ya ndege ina mafunzo yake. Katika yote hayo lililo gumu zaidi, kwa rai yangu, ni kuzoea kukiamini kitabu kuliko jicho.

Jinsi jicho linavyohadaa ilidhihirika Uingereza tarehe 10 Juni 1990. Msimamizi wa zamu ya usiku huko Birmingham, mtu mwenye tajiriba, alikuwa amebadilisha kioo cha mbele cha ndege ya British Airways, na bolti mpya akazichagua kwa kuzilinganisha na ya zamani kwa macho, asifungue orodha ya vipuri. Katika bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kwa kadiri ya thuluthi mbili za milimita. Ndege ilipofika futi 17,300, ikielekea Malaga, kioo kiling'oka, na rubani mkuu akafyonzwa nusu mwili nje, wenziwe wakamng'ang'ania miguu hata rubani msaidizi akatua Southampton. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu, hata rubani mwenyewe. Aliyefunga kioo kile ndiye aliyekikagua, ndiye aliyetia sahihi.

Kwa ajili ya makosa kama hilo, mafundi wa leo hufunzwa hatari za uchovu na haraka kama wafunzwavyo injini. Basi mzazi mwenye kijana apendaye mitambo asimpime kwa wepesi wa mikono peke yake. Amtazame kama yu radhi kusoma tena maelezo aliyokwisha kuyahifadhi, na akimwona hana subira hiyo, amtafutie kazi nyengine.