Kung'arisha Gari Ziwani: Kichocho Hakimbagui Mwenye Gari

Siku za mapumziko, katika mitaa mingi ya wilaya za Ilemela na Nyamagana, huonekana watu wameinama juu ya magari yao wakiwa na ndoo, sabuni na vitambaa. Wengine hufanya kazi hiyo uani kwao. Wengine huteremka na gari hadi ufukweni, wakaliingiza majini kiasi cha kulowesha magurudumu, wakakunja suruali hadi magotini na kuanza kuosha. Maji ya ziwa hayana bili, upepo ni mwanana, na mazungumzo hayakosi. Hata hivyo, katika maji hayo machache ndimo kilipo chanzo cha maradhi ambayo watu wengi hawayafikirii wanapomwona mtu mwenye gari safi.

Kung'arisha gari ni burudani yenye ustadi wake. Kwanza huondolewa vumbi na mchanga, kwa sababu punje moja iliyobaki chini ya kitambaa hukwaruza rangi. Kisha gari hukaushwa na kupigwa polishi, ambayo ndani yake mna chembe laini zinazosugua tabaka la juu kabisa na kufuta mikwaruzo midogo. Mwisho hupakwa nta ya kuzuia maji na jua. Kazi hii ikifanywa kwa mikono huchangamsha misuli na moyo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kuosha gari kwa bidii ni sehemu halali ya hesabu hiyo. Tena hutuliza akili ya mtu aliyechoshwa na kazi za wiki nzima. Hakuna sababu ya kuidharau.

Hukumu za watazamaji

Jamii, lakini, haimtazami mwenye gari bila kumhukumu. Gari likimetameta, husemwa kwamba mwenyewe ana fedha za kuchezea. Likiwa la mwanamke kijana, wapo wanaonong'ona kuwa amehongwa. Wapo pia wanaosoma herufi za namba za usajili ili kukadiria gari liliingia nchini lini, na kwa hiyo mwenyewe ana uwezo kiasi gani. Ukweli ni kwamba magari mengi ya barabarani yaliletwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na mengi yalinunuliwa kwa mkopo au kwa akiba ya miaka. Huyo anayelipangusa pengine ni dereva wa kuajiriwa. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Dhana hizi zingekuwa porojo tu za kijiweni kama zisingeingia katika chumba cha daktari. Mgonjwa akiweka funguo za gari mezani, mhudumu wa afya huweza kufikiri haraka juu ya shinikizo la damu, kisukari au pombe, akasahau kuuliza juu ya ziwa. Mgonjwa naye huamini kwamba kichocho ni ugonjwa wa wavuvi na wa watoto wanaoogelea, hivyo haoni haja ya kutaja Jumapili zake za ufukweni. Wote wawili wamedanganywa na mng'ao uleule.

Kinachotokea majini

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria kichocho kilichoenea zaidi ni kile cha tumbo, kinacholetwa na minyoo aitwaye Schistosoma mansoni. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye maambukizi. Yakifika majini huanguliwa, na vimelea huingia katika konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Baada ya wiki kadhaa, konokono hao hutoa mabuu wasioonekana kwa macho, hasa wakati wa mchana. Mabuu hao hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache tu. Anayesimama majini akisugua magurudumu kwa nusu saa amewapa nafasi ya kutosha.

Ushahidi kuhusu waosha magari upo ng'ambo ya pili ya ziwa hilohilo. Mjini Kisumu, nchini Kenya, watafiti waliwafuatilia kwa miaka wanaume waliojipatia riziki kwa kuosha magari wakiwa wamesimama ziwani. Walitibiwa, wakarudi kazini, wakaambukizwa tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba baadhi yao walijenga ukinzani baada ya kutibiwa mara nyingi, lakini wenye virusi vya UKIMWI ambao chembe zao za CD4 zilikuwa zimepungua waliambukizwa tena kwa urahisi zaidi. Funzo lake ni kwamba dawa huponya maambukizi yaliyopo. Haimkingi mtu anayerudi majini kesho yake.

Dalili na tiba

Wiki 2 hadi 8 baada ya kuingia majini, mtu huweza kupata homa, kikohozi, vipele na uchovu. Hali hii huwapata zaidi wageni wa ziwa, kwa mfano mtumishi aliyehamishiwa Mwanza kutoka mkoa wa bara, na ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo. Wengine hawaoni dalili yoyote kwa miaka. Baadaye huja maumivu ya tumbo, kuharisha na damu katika choo. Maambukizi ya muda mrefu hulitia ini makovu, wengu huvimba, na mishipa ya umio hutuna hadi kupasuka. Mgonjwa anayetapika damu ameshachelewa sana.

Kipimo cha kawaida ni cha choo, na kipo pia kipimo cha mkojo kinachotafuta viashiria vya minyoo hao. Tiba ni praziquantel, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, inywe pamoja na chakula. Dawa hii haiui vizuri minyoo wachanga, hivyo aliyetibiwa mapema mno huenda akahitaji kurudia. Huweza pia kuleta kizunguzungu. Mwenye gari asiendeshe siku ya kumeza dawa wala siku inayofuata. Kampeni za kugawa dawa zimewalenga zaidi wanafunzi, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unawajumuisha pia watu wazima wa maeneo yenye maambukizi.

Kuendelea kung'arisha kwa usalama

Gari lioshwe mbali na ziwa, kwa maji ya bomba au ya kisima. Maji yaliyovutwa ziwani kwa pampu yakae katika tangi lisilo na konokono kwa siku 2 kamili, ili mabuu wafe. Anayelazimika kukanyaga majini avae gambuti zisizovuja. Polishi ipakwe penye hewa, kwa glavu, na lami isitolewe mwilini wala kwenye gari kwa petroli, kwa kuwa hukausha na kuchubua ngozi.

Kuna pia jirani wa kufikiriwa. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka katika ziwa hilohilo linalopokea sabuni na oili, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira hayo.

Kwa mhudumu wa afya, maswali matatu yanatosha, naye amuulize kila mgonjwa bila kutazama mavazi wala funguo: Je, umeingia ziwani, hata kwa kukanyaga tu? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Umewahi kumeza dawa ya kichocho? Na mgonjwa anayependa gari lake asisubiri kuulizwa. Aeleze mwenyewe analiosha wapi.