Kompyuta Isiyowaka Huenda Bado Ni Nzima

Wakazi wa Sio Port wenye saiba, maduka ya kuchapisha na ofisi za vikundi wanashauriwa wasiuze kompyuta ya mezani kama skrepu kwa sababu tu imekataa kuwaka.

Kwenye bodi kuu kuna chipu ndogo yenye BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Stima ikipotea BIOS inaposasishwa, huharibika: feni huzunguka, skrini hubaki nyeusi. Virusi pia huweza kuifuta, kama CIH ilivyofanya katika nchi nyingi tarehe 26 Aprili 1999.

Dalili hizo zaweza pia kutokana na RAM iliyolegea. Kwa hiyo, kwanza chomoa waya wa umeme, kaza RAM, toa betri ya mviringo kwa dakika chache kisha uirudishe.

Ikikataa, soma jina kamili la bodi, pakua faili lake kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee, uliweke kwa flashi na ufuate maelezo ya bodi hiyo. Baadhi zina kitufe maalum cha kazi hii. Hilo likishindikana, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuirejesha.

Rekodi zako haziko kwenye chipu hiyo bali kwenye diski, na kwa kawaida husomeka kwa kompyuta nyingine. Diski iliyofungwa kwa msimbo itahitaji ufunguo wake.

Usisasishe BIOS bila sababu, wala bila UPS.