Bahari Iliyogeuka Maziwa

Usiku wa tarehe 25 Januari 1995, mabaharia wa merikebu iitwayo Lima, walipokuwa wakipita mbali na pwani ya Somalia, waliona kwa taajabu bahari nzima imekuwa nyeupe, yang'aa hata upeo wa macho.

Nuru hiyo si ile wavuvi wetu waijuayo, imetayo pigo la kasia likiyatibua maji. Hii hudumu bila kuzimika, na yadhaniwa yatokana na bakteria wasiohesabika. Ajabu kubwa, kwangu mimi, ni kwamba wataalamu wa Marekani, walipozichunguza picha za setilaiti za masiku yale, walibainisha mwaka 2005 kuwa weupe ule ulitanda kilomita za mraba zipatazo 15,400, ukaonekana masiku matatu mfululizo.