Je, Wajua? Penzi la Watatu Kando ya Ziwa Victoria

Je, wajua kwamba moja ya riwaya za mapenzi zilizozua kelele kubwa katika historia ya Kiswahili ilizaliwa kisiwani Ukerewe? Ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, mwandishi akiwa na umri wa miaka 27. Haikukaa sana ikapigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba ingewaharibu vijana. Miaka ilipokwenda, kitabu hichohicho kikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vya kufundishia.

Je, wajua kwamba mwandishi huyo alisomea seminari? Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi hapa Mwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Namagondo hiyohiyo ndiko alikomweka Rosa, binti wa Zakaria na Regina.

Kisa cha Rosa kinastahili tukikalie kidogo. Kijana Charles anamwandikia barua. Zakaria, baba mlevi na mkali, anaishika, na kinachofuata ni kipigo ambacho msomaji hakisahau. Binti anajifunza kuwaogopa wanaume wote. Halafu anavuka maji kuja Mwanza, shule ya Rosary, mahali ambapo jicho la baba halifiki, na hofu ile inageuka kinyume chake. Anafika chuo cha ualimu Morogoro, na huko hata mkuu wa chuo ni miongoni mwa wanaume wanaomtumia. Charles anarudi kutaka kumuoa, anayajua yaliyopita, anamwacha. Rosa anajiua.

Wengi huihesabu hadithi hii kama ya msichana mmoja na wanaume wengi. Mimi naisoma kama penzi la watatu: Rosa, Charles na Zakaria. Mwenye nguvu kuliko wote ni huyo wa tatu, baba ambaye kila mwanaume aliyemkaribia Rosa alimkuta amekwisha kutangulia. Ndiyo maana Kezilahabi hakuimaliza hadithi kwa mazishi. Alimpeleka Rosa na baba yake mbele ya Mungu, wakahukumiwe huko.

Je, wajua kwamba mwaka uleule wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ambayo inazungumzia mtu wa tatu waziwazi? Mume au mke anaweza kumdai fidia mahakamani mtu aliyefanya ugoni na mwenzi wake. Wengi wanajua hilo kwa mume. Wachache wanajua kwamba mke naye ana haki hiyohiyo. Fidia haipatikani kama aliyeshtakiwa hakujua, wala hangeweza kujua, kwamba mwenzake ana ndoa.

Sheria hiyohiyo inampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi mume anapotaka kuongeza mke. Anaweza kusema kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na watoto watateseka, au kwamba bibi harusi mtarajiwa ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Waandishi wa filamu zetu, ambao kila siku wanaandika fumanizi la chumbani, wangepata picha nzuri sana katika pingamizi moja tu la namna hiyo.

Je, wajua kuhusu riwaya ya Ukerewe iliyosubiri miaka 35 kutoka? Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupatikana mchapishaji. Mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki.

Hadithi yake ni penzi la watatu ambamo mtu wa tatu anakataliwa asije. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke. Wazazi wa mke wanakasirika, wanamchukua binti yao. Kwa desturi ya wakati ule jibu lilikuwa rahisi: oa mwingine. Myombekere hataki. Anakwenda ukweni kwa miguu kuomba arudishiwe mkewe, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Kitereza haipiti faini hiyo kwa sentensi moja. Pombe ya ndizi ni kazi ya siku nyingi: ndizi ziivishwe, zikamuliwe kwa majani, maji yake yachanganywe na mtama yapate kuchachuka, kisha mitungi ibebwe vichwani hadi ukweni bila kumwagika. Majirani na ndugu wanaingia kazini. Ukimaliza kusoma unajua thamani ya Bugonoka kwa jasho, wala hakuna aliyehitaji kutamka neno "nakupenda".

Kitereza mwenyewe na mkewe Anna walizika watoto wao, naye hakuoa mke mwingine. Nadhani ndiyo maana kitabu kile hakina hata chembe ya uongo kuhusu uchungu wa nyumba isiyo na mtoto. Aliyekitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002, ni Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe.

Turudi kwa Kezilahabi kwa haraka: katika Kichwamaji (1974), Manase, mkuu wa wilaya, anampa mimba Rukia. Kaka wa Rukia, Kazimoto, anaishia kumuoa Sabina. Sabina ni dada wa Manase. Hebu fikiria harusi hiyo, nani anakaa wapi na nani anamsalimia nani.

Je, wajua kwamba upande wa Kenya wa ziwa, Wajaluo wanasimulia penzi la watatu lililoangusha jemadari? Lwanda Magere alikuwa shujaa ambaye mkuki haukumwingia. Maadui walioshindwa kwa silaha wakamletea binti yao awe mke wa pili. Siku moja mume akaugua, mke mkubwa hayupo, na huyo mdogo akaambiwa achanje kivuli badala ya mwili. Kivuli kikatoka damu. Akatoroka usiku kupeleka habari kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukarushwa kivulini. Lwanda Magere akageuka jiwe. Okoiti Omtatah alikitungia kisa hicho tamthilia, ikatoka mwaka 1991. Katika kisa hiki mke mdogo huitwa msaliti. Lakini naye alikuwa na baba na kaka waliokuwa wakiuawa na mumewe, na kisa hakimpi hata dakika moja ya kulilia upande wowote.

Je, wajua kwamba Kisumu nayo ina penzi lake la watatu katika riwaya? Ni Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya mwaka 1986. Paulina anamwacha mumewe Martin Nairobi, anaenda kuishi Kisumu, anapata mtoto kwa mwanaume mwingine. Mtoto huyo anauawa kwa risasi katika vurugu za Kisumu za mwaka 1969, wakati wa ziara ya Rais Kenyatta. Hapo ghafla mapenzi ya watu wachache yanakutana na historia ya taifa, na msomaji hapati nafasi ya kumhukumu Paulina.

Ukitaka sauti ya mke aliyeachwa kwa ajili ya wa mjini, soma Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek wa Uganda. Paul Sozigwa aliuleta kwa Kiswahili mwaka 1975.

Je, wajua kwamba Hollywood ilileta penzi la watatu kwenye Mto Kagera, mto unaomwaga maji yake katika ziwa letu? Filamu Mogambo ya mwaka 1953, iliyoongozwa na John Ford, ilipigwa Afrika, na miongoni mwa mahali palipotumika ni Kagera, Tanganyika. Clark Gable ni mwindaji anayevutwa na wanawake wawili, Ava Gardner na Grace Kelly, na wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Kumbe hadithi yenyewe haikuwa ya Afrika: ni marudio ya Red Dust ya mwaka 1932, iliyowekwa kwenye shamba la mpira huko Indochina. Stelingi alikuwa Clark Gable huyohuyo, miaka 21 nyuma. Walichobadilisha ni mandhari, wakatuweka sisi nyuma ya picha, tukibeba mizigo.

Je, wajua kwamba kitabu cha Out of Africa (1937) karibu hakimtaji mume wa mwandishi wake, Karen Blixen? Filamu ya mwaka 1985, iliyopata Oscar 7, ilimjengea mume huyo nafasi kati ya Karen na mpenzi wake, Denys Finch Hatton, kwa kuchota kwenye vitabu vya wasifu. Yaani penzi la watatu unaloliona kwenye picha, mwenye kitabu aliamua kutoliandika.

Na ng'ambo ya bahari, je, Devdas wa Wahindi? Riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ilitoka mwaka 1917. Sinema imeirudia tena na tena. Matoleo yanayotajwa zaidi ni ya 1935, 1955 na 2002. Mwanaume mmoja, wanawake wawili, Paro na Chandramukhi, na chupa ambayo huwashinda wote.

Je, wajua kwamba mmoja wa watunzi maarufu wa hadithi za magazetini aliingia bungeni kwa jimbo la kandokando ya ziwa? Eric Shigongo alichaguliwa mbunge wa Buchosa, mkoani Mwanza, mwaka 2020. Kabla ya siasa alijulikana kwa hadithi za mfululizo, na jina la mojawapo linatosha kueleza kisa kizima: Rais Anampenda Mke Wangu. Fikiria uzito wake. Jirani akikuchukulia mke, unaweza kwenda kwa mjumbe, kwa wazee, kituoni, mahakamani. Akiwa ni rais, unakwenda kwa nani?

Hadithi za namna hiyo huishia pale mlango unapogongwa, halafu: itaendelea. Wahakiki waliziita riwaya pendwa, wakati mwingine kwa dharau. Mimi nazipa heshima yake. Watu ambao hawajawahi kununua kitabu walinunua gazeti kila wiki kwa ajili ya ukurasa mmoja, wakapeana zamu ya kusoma, wakabishana nani ana haki. Bongo muvi ilipoanza kushika kasi ilikuta watazamaji waliokwisha kufundwa na magazeti haya. Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012, pamoja na Vincent Kigosi "Ray" na Irene Uwoya walicheza Oprah mwaka 2008, na jirani zetu waliijua picha hiyo kama wanavyojua jina la mtaa wao.

Je, wajua kwamba kuna filamu iliyogeuzwa kitabu hapa Tanzania badala ya kitabu kugeuzwa filamu? Joshua Amandus Mtani alichora kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic, baada ya filamu ya mwaka 1997 kuenea: Rose, mchumba wake tajiri, na Jack asiye na kitu. Kwa msomaji wa Mwanza meli inayozama haikuwa habari ya mbali. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na kufika hapa, ikachukua mamia ya ndugu zetu, na wengi wamezikwa Igoma.

Je, wajua riwaya ya Kiswahili iliyofika mbali zaidi kama filamu? Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar, anaozwa Raza, mwenye duka anayemzidi umri mbali sana. Anamtoroka, na moyo unamwangukia Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa mkoloni. Amil Shivji aliiongoza filamu, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa. Kabla yake nchi yetu ilikuwa imepeleka filamu moja tu, Maangamizi, ya mwaka 2001. Kwa hiyo anayesema vitabu vya Kiswahili haviwezi kubeba filamu kubwa amekwisha kujibiwa.

Mwisho, kwa vijana wenye kamera mnaopiga picha Kirumba, Ilemela na Sengerema. Namagondo ipo, kivuko cha kwenda Nansio, Ukerewe, kinaondoka Mwanza, na safari ya Myombekere kwenda ukweni haihitaji helikopta wala bunduki za bandia. Msianze kamera kabla ya karatasi. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kitereza alifariki 1981, Kezilahabi alifariki Januari 2020. Kwa hiyo anayetaka kuwapeleka Bugonoka au Rosa kwenye sinema akabishe hodi kwanza kwa warithi na wachapishaji, apate ruhusa ya maandishi, kisha apande kivuko.