Keki ya Harusi Masasi: Hesabu Iliyojificha Chini ya Mapambo

Minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba, Masasi huchangamka. Fedha za mauzo huingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi, AMCOS, na kamati za harusi ambazo zimekuwa zikikutana tangu kiangazi huanza kuwafuata walioahidi kuchanga. Kwa mama anayeoka keki nyumbani kwake katika kata ya Lisekese, au kule Newala juu ya uwanda wa Makonde, hiyo ndiyo miezi ya kupokea simu.

Swali la kwanza la mteja halibadiliki: keki ya ghorofa tatu ni shilingi ngapi?

Waokaji wengi hulijibu kwa kukumbuka bei aliyotaja mwenzao wa mtaa wa pili. Hapo ndipo hasara huanzia, maana keki ina hesabu yake na hesabu hiyo haionekani kwa macho. Keki ya duara yenye upana wa sentimita 30 haizidi ile ya sentimita 20 kwa nusu tu. Kama kimo chake ni kilekile, inakula unga, sukari, majarini na mayai mara mbili na robo. Ukiweka ghorofa tatu, za sentimita 30, 25 na 20, umeoka karibu keki tano ndogo.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, keki ya sentimita 20 inakula vifaa vya Sh20,000. Anayekadiria kwa kutazama upana atasema ghorofa zote tatu zitamgharimu Sh75,000. Gharama halisi ni zaidi ya Sh96,000. Kabla hajawasha oveni, Sh21,000 zimeshatoka mfukoni mwake, na harusi si yake.

Bado kuna kazi ya mikono, na hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Keki ya harusi haiokwi na kupambwa saa ileile. Lazima ipoe kabisa, isawazishwe, ipakwe krimu safu ya kwanza, itulie, ndipo ipakwe tena na kupambwa. Maua ya sukari huhitaji muda zaidi ili yakauke. Mwokaji akifanya kazi saa 14 na kujilipa Sh2,000 kwa saa, hizo ni Sh28,000 ambazo lazima ziwe ndani ya bei. Oveni nayo ina gharama: ikinunuliwa kwa Sh600,000 na kutarajiwa kuoka keki 200 kabla ya kuchoka, kila keki idaiwe Sh3,000. Gesi, maji, boksi na kibao cha chini vinafuata. Mwanamke anayeacha kujilipa kwa sababu "nipo tu nyumbani" anamchangia bwana harusi bila jina lake kuandikwa kwenye daftari la kamati.

Kisha kuna joto. Fedha za korosho huanza kuingia wakati ule ule jua la Oktoba na Novemba linapochoma, kabla mvua hazijakolea. Siagi huyeyuka joto likikaribia nyuzi 35, na chini ya turubai saa tisa alasiri hali hiyo haiko mbali. Krimu ya siagi iliyosimama vizuri jikoni asubuhi inaweza kuanza kuteleza kabla maharusi hawajaingia. Ndiyo maana waokaji wa sehemu zenye joto huchanganya siagi na mafuta magumu ya mboga, au huifunika keki kwa gamba la sukari. Anayepeleka keki kutoka Masasi hadi Newala, barabara ikipanda ukingo wa uwanda, afunge kila ghorofa kwenye boksi lake na kuipanga ukumbini. Safari hiyo, pamoja na muda wa kupanga, itajwe kwenye bei tangu siku ya makubaliano.

Michango kwenye keki si jambo la hapa peke yake. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa Novemba 1947, nchi yake ilikuwa bado inagawiwa sukari na siagi kwa mgao baada ya vita. Keki yake, yenye kimo cha karibu meta 2.7, ilipikwa na kampuni ya McVitie and Price kwa vifaa vilivyochangwa na wasichana wa skauti wa Australia.

Kamati yenye bajeti ndogo haina sababu ya kuona haya. Keki ndogo nzuri ya kukata na kulishana, keki mbili za kuwapa wazazi wa pande zote, halafu keki za kawaida zilizookwa kwenye trei na kukatiwa jikoni kwa ajili ya wageni: mpango huo hulisha watu wengi kwa fedha kidogo kuliko mnara wa ghorofa tano. Wanaotaka mnara kwa ajili ya picha wanaweza kuwekewa ghorofa za bandia zilizopambwa, moja tu ikiwa ya kuliwa. Mwokaji mwaminifu huwaambia hivyo mapema.

Malipo ya awali ndiyo kinga yake. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Fedha za shamba zikichelewa, ahadi za michango nazo huchelewa, na mwenyekiti wa kamati hupunguza bajeti kwenye kikao cha mwisho. Malipo ya awali ya kutosha vifaa vyote yakipokelewa kabla ya unga kununuliwa, na salio kabla keki haijatoka nyumbani, deni halimfuati mwokaji. Makubaliano yaandikwe: ukubwa, ladha, rangi, siku, saa, na nani anayelipa.

Anayetafuta mtaji ana mlango mmoja wa kuanzia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Lakini marejesho hudaiwa hata Machi, ambapo harusi ni chache, kwa hiyo oveni iliyokopewa inapaswa kuoka pia mikate, keki za kipaimara na vitafunwa vya asubuhi vya kuuza stendi.