Harusi ya Sikukuu na Daftari la Mweka Hazina

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi jijini Dar es Salaam huanza na daftari, kalamu na swali moja: lini? Mwenyekiti anataja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Shangazi wa bwana harusi anataka wikiendi ya sikukuu, maana ndugu wa Tabora na Songea watakuja bila kuomba ruhusa kazini. Mweka hazina hasemi kitu. Anafunua ukurasa wa ahadi na kuanza kujumlisha.

Ukimya wake una sababu. Harusi nyingi za Tanzania hulipiwa na michango, na anayekamilisha ahadi ndiye anayepewa kadi, ya mtu mmoja au ya wawili. Kwa hiyo siku ya harusi ni pia ukomo wa kukusanya madeni. Sikukuu huwapa watu nafasi ya kuja, lakini huigombania shilingi ileile: nguo za watoto, nauli, mchele, mbuzi. Tuseme watu 200 wameahidi shilingi 100,000 kila mmoja. Robo yao wakijibu "baada ya sikukuu", pengo ni milioni 5, na mpishi anayehesabu kwa sahani hasubiri.

Kalenda za dini nazo hupunguza siku. Wikiendi ya Pasaka ina siku 4 za mapumziko, ila kwa Wakatoliki ndoa haifungwi Ijumaa Kuu wala Jumamosi Kuu, na parokia nyingi huwa zimekwisha kusimamisha ndoa tangu Kwaresima ianze. Zinabaki Jumapili na Jumatatu. Anayeitaka Jumatatu hiyo ajiandae kushindana na wenzake waliosubiri tangu Jumatano ya Majivu: ukumbi mmoja, mpambaji mmoja, mshereheshaji mmoja, na foleni ya maharusi. Bei hupanda hapo, na anayechelewa kulipa kianzio hukuta siku imekwenda.

Pwani hesabu ni nyingine. Mwezi wa Shaaban hujaa harusi, Ramadhani ikiingia shughuli hutulia, kisha Mfunguo Mosi hufungua tena majamvi. Kuipanga harusi siku yenyewe ya Idi kuna tatizo ambalo fedha haiwezi kulitatua: mwezi. Mwenye ukumbi wa Tanga au Unguja anayeandikiwa "Idi mosi" hana hakika ya tarehe mpaka usiku wa kuamkia, wakati kuku, barafu na viti vya kukodi vinahitaji tarehe kamili. Jumamosi inayofuata ni salama zaidi, na wageni waliokuja kula sikukuu bado wapo mjini.

Sikukuu za taifa zina mtego wa vyumba. Mwaka 2026 Nane Nane inaangukia Jumamosi, na kwa macho ya kamati ni zawadi. Lakini anayeoa Dodoma, Mbeya au Morogoro akumbuke kwamba siku hizo miji hiyo ina maonesho ya kilimo. Wageni wake watagombania nyumba za kulala na wenye mabanda, na gharama hiyo haionekani kwenye bajeti ya kamati kwa sababu inalipwa na mgeni mwenyewe, ambaye huamua kimyakimya kutokuja.

Desemba ndiyo inayoonyesha vizuri kwamba jibu hutegemea mahali. Wachaga wengi wanaoishi Dar es Salaam hupanda Kilimanjaro kwa Krismasi, na mabasi ya Moshi hujaa. Kamati inayopanga harusi Dar es Salaam tarehe 26 Desemba inawaita watu ambao wako Rombo, Marangu au Machame. Harusi hiyohiyo ikifanyika Moshi, ukoo mzima upo nyumbani, wazee hawasafirishwi, na ndizi zinatoka shambani. Tatizo ni moja tu: Januari inakuja na ada za shule, kwa hiyo michango ya harusi hiyo ikamilishwe kabla ya Novemba kwisha. Baada ya hapo mweka hazina atapiga simu zisizopokelewa.

Kwa Dar es Salaam, wikiendi inayostahili kutazamwa kwa makini ni ya Mei Mosi. Mwaka 2026 inaanza Ijumaa, mishahara ya Aprili imeshatoka, Kwaresima imepita, na Jumamosi yake haina gwaride la wafanyakazi. Kasoro yake ni masika: ukumbi uwe na paa, na gari la maharusi lisipitishwe njia za bondeni. Wenye kuilenga wakumbuke pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla. Kwa harusi ya Jumamosi tarehe 2 Mei, karatasi hiyo iwe imefika kwa mfungisha ndoa kabla ya tarehe 11 Aprili, wakati daftari la mweka hazina bado lina nafasi nyingi zisizo na alama ya vema.